Siku Nilipobonyeza "Chapisha" Nikasubiri Karatasi

Mliponiaga mlinipa pasi ya umeme, doti mbili za kanga na hotuba ndefu, na katika hotuba hiyo hakuna aliyetaja jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kazi yangu kubwa kuliko zote. Siwalaumu, wengi wenu mlikuwa hamjafika chuoni. Lakini juzi binti anayekalia kiti changu amenipigia simu. Mama Kulwa, anasema, chuo kinataka tovuti mpya, sasa tuchukue mfumo wa tayari au tumtafute mtaalamu atutengenezee wa kwetu wenyewe? Nikamwambia swali hilo halijibiwi kwenye simu. Basi naandika, nanyi mnivumilie, maana mstaafu hana tena mkubwa wa kumkatisha maneno.

Mimi ni katibu muhtasi, na ukatibu nilijifunzia Tabora, kwenye taipureta nzito ambazo ukiziangushia mguuni unakwenda hospitali. Mwalimu wetu, Bi. Zuhura, alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusizitazame herufi. Alikuwa na ugonjwa mmoja, orodha za majina. Orodha, alisema, isomwe kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu jicho linajua linakokwenda na linaruka. Hilo nimelishika mpaka leo. Na nilitoka kwake na jambo jingine ambalo lilikuja kuniponza: kuchapa ni vidole, kuchapisha ni karatasi. Unachapa stensili, halafu unaipeleka kwenye mashine ya kudurufu unachapisha, na wino unakupanda mpaka viwiko. Neno hilo kwangu halikuwa na maana nyingine.

Nilifika Kibondo mwaka 2012. Kakonko walikuwa ndiyo kwanza wamekatwa kuwa wilaya yao, na barua nyingi tulizopokea zilikuwa zimeandikiwa wilaya isiyo yake. Chuo chenyewe kilikuwa Kasulu, kidogo, kinafundisha wasaidizi wa maabara, wale wanaokutoboa kidole kutafuta malaria. Jina silitaji, waliopita pale wanajijua. Kibondo tulikuwa na ofisi moja ya kupokelea maombi: meza, kabati lenye mlango mmoja, na kompyuta iliyofanya kazi pale jenereta la mji lilipojisikia. Siku ya kwanza nilikuta ukungu hadi saa nne. Nilikuja na gauni la mikono mifupi, na hakuna aliyenionea huruma.

Kitu kilichokuwa na heshima pale kuliko mimi na kabati ni ubao wa matangazo. Ulikuwa nje, chini ya kibaraza, na kila mwaka orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa hapo siku moja na kule Kasulu. Watu walitoka Mabamba, Busunzu, vijiji vya Kakonko, wengine kwa miguu, wakafika wakasimama mbele ya ubao wakipitisha kidole jina kwa jina. Mwenye jina alikuwa hapigi kelele. Alirudia kidole mara tatu, akatoka pembeni akakaa chini. Asiye na jina naye alirudia mara tatu, kisha akaniuliza kama hakuna karatasi nyingine.

Mwaka ule kulitokea fedheha. Baba mmoja wa Busunzu aliona jina la mwanawe Jumatatu, akarudi nyumbani kuandaa safari. Jumatano ikabandikwa karatasi nyingine juu ya ile, eti ya kwanza ilikosewa huko Kasulu, na jina halimo. Yule baba hakutukana. Alisimama kibarazani siku nzima, kofia mkononi, akimwambia kila aliyepita kwamba aliliona. Mkuu wa chuo, Bwana Mbwambo, Mpare mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka Kasulu. Alimwandikisha yule kijana, kisha akatuwekea sheria moja ya maneno mawili: kilichobandikwa kimebandikwa. Ikiwa kuna makosa, ni yetu, na tutayabeba sisi. Sheria hiyo ilijulikana mpaka mpakani.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kasulu, na huko nikakuta habari ya tovuti. Nia ilikuwa njema kabisa: mtu wa Mabamba asitembee kutwa kuja kutazama ubao wakati pale Kibondo mjini, au hata kwenye simu ya mpwa wake, angeweza kuiona orodha. Bwana Mbwambo alimpata mtaalamu wa Dar es Salaam tuliyemwita Injinia, na Injinia akatujengea mfumo wetu wenyewe, wa peke yake, usiofanana na wa mtu mwingine duniani. Simsemi vibaya, alikuwa kijana mpole na mwenye kipaji. Lakini ukurasa wa kwanza aliuwekea picha ya minazi. Kasulu na minazi wapi na wapi! Tulipomwambia aitoe, alisema ataitoa akipata nafasi, na hatukuwa na namna nyingine, kwa sababu mlango wa kuingilia kwenye ule mfumo aliujua yeye peke yake. Kubadili nukta, simu Dar. Kubadili tarehe ya mahojiano, simu Dar. Nilikaa na ile minazi mwaka mzima.

Orodha ya mwaka ule nilimtumia kwa barua pepe wiki mbili kabla. Injinia alikuwa harusini, simu imezimwa. Orodha ikapanda mtandaoni wakati waliochaguliwa wameshaanza masomo. Mzazi mmoja alinipigia akaniambia kwa adabu zote kwamba ubao wetu huu mpya ni mzuri, ila tumeufungia kabatini. Nilicheka, lakini niliona aibu.

Ndipo akaingia Mwalimu Sanga. Alikuwa mwalimu wetu wa kompyuta, Mkinga wa Makete, mtu asiyeweza kuona kitu kimefungwa bila kukifungua. Katika kikao cha mwaka 2014 alisema ipo mifumo ya tayari, ya bure, inayotumiwa na magazeti, makanisa na maduka dunia nzima. Unaichukua, unaiweka, unaipanga unavyotaka, na mtu wa kawaida kama Mama Kulwa anaweza kuingia na kuandika mwenyewe. Zaidi ya hayo, akasema, maandishi yake ya ndani yanageuzwa yakawa Kiswahili.

Bwana Mbwambo hakufurahi. Alisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Chuo ni chuo, alisema, hakiwezi kuvaa mtumba wa dunia nzima, kinatakiwa kishone kwa fundi. Basi nikajikuta nimesimama, mimi ambaye kazi yangu vikaoni ni kuandika muhtasari na kunyamaza. Nilisema mkuu, hilo koti ulilovaa ulilinunua mnadani, nilikuwepo, na mikono alikupunguzia fundi wa pale sokoni siku hiyohiyo. Limekukaa. Tatizo letu si nani kashona. Tatizo ni kwamba fundi wetu yuko Dar na sindano amekwenda nayo.

Watu walicheka wakiwa wameinamisha vichwa. Mkuu alilitazama koti lake. Kisha akatupa nafasi moja: orodha ya mwaka ule ipandishwe kwa mfumo wa Sanga. Ikienda sawa, tunabaki nao. Ikiharibika, tunarudi kwa Injinia na minazi yake, na hataki kusikia habari hiyo tena mpaka astaafu.

Nilijifunza kwa wiki tatu. Sanga alikuwa na subira, mimi nilikuwa na daftari. Niliandika kila hatua, hata ile ya kuwasha. Asubuhi na mapema ndipo modemu ilipokuwa na nguvu, kabla mji haujaamka, kwa hiyo nilifika saa kumi na mbili na nusu na chupa yangu ya chai. Niliitoa minazi nikaweka picha ya lango letu, na mtu mzima mimi nilikaribia kulia. Miaka yangu yote kazini nilikuwa nimeandika maneno ya watu wengine kwenye karatasi za watu wengine. Sasa kulikuwa na kitu nimekiweka mimi, na mwanangu aliyeko Mwanza akakiona dakika ileile.

Sasa sikieni kosa. Kamati ya udahili ilipendekeza majina ishirini na saba. Orodha hiyo ilikuwa rasimu, lazima kwanza ipite kwa mkuu aitie sahihi. Siku ya Alhamisi niliichapa moja kwa moja ndani ya mfumo, ili nisichape mara mbili, nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Namba ishirini na saba: Butoyi, wa Mabamba. Jina lilinibaki kichwani kwa sababu Butoyi kwa Waha ni kama Doto kwetu Wanyamwezi, pacha wa pili, na mimi mwenyewe ni mama wa Kulwa na Doto. Hakukuwa na kosa. Nikataka karatasi ya kumpelekea mkuu. Sanga alikuwa amekwenda Nyarugusu kusimamia mtihani. Nikatazama pembeni ya skrini, nikaona kitufe kizuri cha buluu, kimeandikwa "Chapisha".

Nikabonyeza, nikaigeukia printa.

Printa haikutoa kitu. Nilikagua waya, nikafungua trei, nikapanga karatasi upya. Nikaipiga kidogo ubavuni kama tulivyozoea. Mwishowe nikasema mashine hizi nazo zina siku zake, nikainakili orodha kwa mkono wangu na kuipeleka kwa mkuu. Mkuu akaisoma, akahesabu vitanda vya bweni, vilikuwa ishirini na vinne. Akakata majina matatu ya mwisho kwa rula, akatia sahihi, akanirudishia Ijumaa jioni. Nikaenda nyumbani nimetulia kabisa. Orodha ya kwanza, yenye majina yote ishirini na saba, ilikuwa hewani tangu Alhamisi asubuhi, dunia nzima inaitazama, isipokuwa mimi.

Jumatatu nilimkuta mama mmoja langoni na binti yake. Wametoka Mabamba, wamelala njiani. Binti alikuwa na ndoo, begi, na godoro lililokunjwa likafungwa kwa kamba ya katani, mafundo mengi. Aliniamkia shikamoo, mama yake akanipa "mwakeye", salamu ya Kiha, kwa mikono miwili, kisha akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne. Mpwa wake anafanya kazi kwenye kibanda cha steshenari Kibondo, ndiye aliyeiona mtandaoni na kuitoa.

"Mama, mimi kusoma sijui," alisema. "Lakini jina la mwanangu nimeonyeshwa lilipo. Nimelitazama njia nzima."

Niliitazama. Herufi zilikuwa zangu, mpangilio wangu, namba ishirini na saba. Ndipo nikakikumbuka kile kitufe cha buluu. Niliuliza wametokaje nyumbani, na yule mama akanieleza bila kujua ananichoma. Pacha wa kwanza, Bukuru, naye alifaulu, lakini walikubaliana mmoja asome na mmoja abaki na jembe. Butoyi alikuwa anafanya usafi katika zahanati moja ya Kakonko. Baada ya kuona jina ameaga, na nafasi yake imeshachukuliwa. Kwa hiyo nyuma hakukuwa na kitu cha kurudia.

Niliwakalisha, nikaenda kwa mkuu. Sanga alikuwa ameshafika na ameshaona kilichotokea. Kabla sijafungua mdomo Bwana Mbwambo alikuwa ameshapata jibu, na lilikuwa jibu la kunisaidia mimi. Alisema hii ndiyo mifumo ya bure aliyoisema. Nitoke nimwambie yule mama kwamba mtandao umekosea, nimpe pole na nauli, na kesho tumpigie Injinia.

Nawaambia ukweli, nililipenda lile jibu. Kila mtu angeliamini. Mpaka leo ukisema mtandao umekosea, watu wanaitikia kwa kichwa kana kwamba umesema mvua imenyesha. Ningetoka pale safi, na mfumo haungejitetea, hauna kinywa. Lakini nilikuwa nimeacha watu wawili kwenye benchi, na mmoja amenisalimia kwa mikono miwili.

"Mtandao haukukosea, mkuu," nikasema. "Ile orodha niliibandika mimi. Nilidhani naitoa karatasi."

Nikamweleza habari ya kitufe. Sanga aliinamisha kichwa, sijui alikuwa anacheka au anasikitika, nadhani vyote. Mkuu alivua miwani. Akaniuliza kama najua kwamba vitanda ni ishirini na vinne. Nikasema najua. Akauliza sasa nataka afanye nini.

"Nataka uniambie jambo moja tu. Hii tovuti ni ubao, au si ubao?"

Nikaendelea, maana maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikasema kama ni ubao, sheria yako mwenyewe inajulikana mpaka Mabamba, na yule mama amekuja kwa sheria hiyo. Na kama si ubao, basi mfumo, wa tayari au wa kushonesha, hatuuhitaji, tuufute, watu waendelee kutembea. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, lakini mikono nilikuwa nimeificha nyuma.

Mkuu alisema hawezi kuongeza wanafunzi bila bodi, na bodi inakutana Alhamisi. Akaniambia pia kwamba kosa langu litaandikwa. Liliandikwa kweli. Barua ya onyo niliichapa mwenyewe, kwa kuwa katibu muhtasi nilikuwa mimi peke yangu, na haikuwa na kosa hata la nukta.

Mama yake Butoyi hakuweza kungoja, shamba lilimwita. Nilimwambia kila kitu, na kwamba kosa ni langu. Akaitikia, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha. "Basi atakaa kwako mpaka mlimalize." Hakuniuliza kama nina nafasi. Akaondoka.

Butoyi alikaa kwangu siku tatu. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, alifagia uwanja mara mbili. Chumba cha wanangu kilikuwa tupu, kina vitanda viwili vya kamba visivyo na magodoro. Nikamwambia afungue godoro lake alalie. Akakataa. Alisema mama yake amemwambia godoro halifunguliwi mahali ambapo hujapokelewa, ukilifungua unajiambia umefika. Akalala juu ya mkeka, godoro limesimama ukutani na mafundo yake. Kila nilipopita mlangoni nililiona, na nilitamani anigombeze kuliko kule kunyamaza.

Wakati huo Sanga aliwapigia wale wengine wawili waliokatwa. Mmoja, wa Busunzu, alikuwa ameshaona jina na anajiandaa. Mwingine alikuwa amepata chuo Tabora na hakuwa na habari nasi.

Alhamisi saa tano Bwana Mbwambo alitoka kwenye kikao akaja moja kwa moja ofisini kwetu. Alikuwa na jalada la tovuti mkononi. Ndani, kwa wino wa kijani, alikuwa ameandika mstari mmoja: bodi imekubali, tovuti ni ubao wa chuo. Seremala ataleta vitanda viwili. Kisha akamgeukia Sanga akamuuliza lile neno la kwenye kitufe kama linabadilishika, au tumsubiri mwenye mfumo. Sanga alisema mwenye mfumo ni sisi. Akakaa, akaandika, na chai yangu ilikuwa haijapoa kitufe kikawa kinasomeka "Bandika ubaoni". Mkuu akavaa miwani kukisoma. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtumba huu nao umepunguzwa mikono, kisha akaniamuru nimwandikie Injinia barua nzuri ya shukrani.

Kwa hiyo, binti yangu uliyenipigia simu, jibu langu ni hili. Usiulize kwanza kipi kizuri. Cha kushonesha kinaweza kuwa kizuri sana ikiwa fundi anaishi karibu na anakuachia sindano. Cha tayari kinaweza kukuaibisha kama kilivyoniaibisha mimi. Uliza, siku kitakapokosea, na kitakosea, nani ndani ya nyumba hii ataweza kukifungua na kukirekebisha kabla chai haijapoa. Na uliza maneno ya mfumo yanamwambia nini mtu ambaye tangu zamani ana maneno yake mwenyewe. Sisi tulibaki na ule mfumo, na orodha ya mwaka 2015 ilisomwa Mabamba saa ileile iliposomwa langoni kwetu.

Lakini Alhamisi ile ya bodi niliandika majina ishirini na sita, nikabandika, na safari hii sikuigeukia printa. Nikatoka ofisini nikaenda nyumbani katikati ya saa za kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Butoyi alikuwa uani anafagia mara ya tatu. Nikamwambia jina lako liko ubaoni na halitoki, ila kitanda kingali kwa seremala. Aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya godoro, akaanza kufungua mafundo, moja baada ya jingine, kwa meno.